Kipande cha Mti Chini ya Kobe

Nakumbuka Jumatatu moja ya kiangazi, mwanangu, gari kubwa liliingia polepole katika gereji tuliyofanyia kazi pale Rugenge, mtaa wa Uvira, limeinamisha kona yake moja ya mbele kama mtu anayeumwa na jino. Magari nimeyaona mengi maishani, na mengi nimeyasahau, tena mengine nashukuru kuyasahau. Hilo silisahau. Ninaandika haya nikiwa nimeketi ndani yake, maana leo liko katika uwanja wangu, halitembei tena, na kuku wa mke wangu wanataga chini ya usukani. Lakini ngoja nianze mwanzoni. Mzee akianzia mwisho, vijana hufunga daftari wakaenda zao.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na jina langu gerejini lilikuwa Vitevite, yaani haraka-haraka kwa Kifaransa. Walinipa kwa sababu ya mbio zangu. Gurudumu nililifungua kabla mwenye gari hajamaliza kusalimia watu. Jina lilinipendeza sana, nikalivaa kama kofia mpya. Sikujua kwamba watu wanaweza kukusifu kwa kitu kilekile kitakachokuja kukuumbua.

Bwana wangu wa kazi alikuwa Mzee Rashidi, mmoja wa wale Waislamu wa Uvira ambao mababu zao walifuata biashara ya ziwa, wakaoa hapa, wakazikwa hapa. Mzee huyu hakuwa na haraka hata ya kula. Akifungua bulo moja, bolti kama wasemavyo wengine, aliweza kumaliza habari nzima ya shangazi yake wa Ujiji pamoja na ndoa zake tatu, na ile bulo bado iko mkononi. Nilimheshimu, ndiyo, lakini moyoni nilimwona amepitwa na wakati. Kijana mwenye nguvu humwona kila mzee hivyo, mpaka siku atakapoangukia mahali ambapo mzee alipita akitembea.

Gereji yetu ilibanwa na kelele pande zote. Huku kulikuwa na mtu wa kuchomelea vyuma, na huku, nyuma ya ukuta wa matofali, mashine ya kukoboa mpunga ya Mama Sifa, iliyonguruma tangu asubuhi mpaka jua lipungue. Siku ya Ijumaa tu, adhana ya adhuhuri ikilia, Mzee Rashidi alizima kila kitu kabla ya kwenda msikitini. Mama Sifa ni Mprotestanti, lakini naye kwa ujirani alizima mashine yake saa hiyohiyo. Basi Mzee alichuchumaa kidogo kando ya magari yenye breki za upepo, akategesha sikio, ndipo akaenda kuswali. Na kama gari lilihitaji kusikilizwa siku nyingine, alizunguka ukuta mwenyewe, akasimama mlangoni kwa jirani, akauliza habari za watoto mmoja mmoja, halafu akasema, "Mama, tunaomba kimya kidogo." Mashine ilizimwa. Wateja walikaa juu ya magunia yao wakingoja. Jambo hilo lilikuwa na jina kabisa pale kwetu: kuomba kimya.

Sasa hilo gari. Lilikuwa gari-nyumba, la zamani kuliko mimi, lenye kitanda, jiko, kabati, na dirisha lenye pazia. Wazungu wawili wasafiri walilivusha ziwa kwa meli kutoka Kigoma, likawashinda, wakaliachia parokia. Watu wa Rugenge wakaliita Kobe, kwa kuwa lilitembea na nyumba yake mgongoni. Halikukalia vyuma kama malori yetu. Lilikalia mipira minene iliyojaa upepo, mmoja kila kona, ambayo sisi tuliiita balo. Na kwenye kila balo kulikuwa na kifaa kidogo chenye kifimbo cha chuma: kona ikishuka, kifimbo kinafungua upepo uingie; ikipanda kupita kiasi, kinauacha utoke. Kwa hiyo Kobe lilipita mashimoni likipumua, na mtu aliyelala ndani alijiona yuko mtumbwini siku ziwa limetulia.

Hiyo ndiyo sababu Mwalimu Kashindi alilihitaji. Mwalimu huyu alifundisha nusu ya mtaa wetu, na mimi nikiwemo, darasa la tatu. Mwaka mmoja kabla ya hapo alipanda juu ya darasa kupigilia tole, bati la paa, iliyofumuliwa na upepo, akaanguka, mgongo ukavunjika. Hakuweza tena kuketi. Pikipiki hawezi, teksi hawezi, lori usiseme. Alilala tu nyumbani kwake, akisahihisha madaftari ya watoto wa jirani kwa kuyainua juu ya uso wake.

Alikuwa na dada mkubwa huko Kiringye, Nabintu, ambaye yeye alimwita Yaya. Mama yao alikufa Mwalimu akiwa mdogo, na ni Yaya aliyemlea, akamfungia vifungo vya shati kila asubuhi ya shule. Lakini miaka mitano ilikuwa imepita bila kusalimiana. Mwalimu alikuwa ameuza kipande cha shamba la mpunga la baba yao bila kumwambia. Yaya alipojua hakupiga kelele. Alisema tu, "Mutoto wangu amenificha," akanyamaza kwa miaka mitano. Juma lile habari ikafika: Yaya ameacha kula, anamuulizia Kashindi. Watu walimshauri Mwalimu atume simu, atume barua, atume mtoto wake. Alikataa. Alisema kosa alilifanya kwa mkono wake, na samahani ataipeleka kwa kinywa chake. Padri akatoa Kobe na dereva wake, Deo. Safari ikapangwa Jumatano asubuhi, na Kiringye wakaarifiwa.

Jumatatu hiyohiyo Mzee Rashidi alikuwa anavuka kwenda Bujumbura kwenye msiba wa ndugu yake, arudi Alhamisi. Alilizunguka Kobe mara moja, begi lake kwapani, akaniita.

"Vitevite, sikia. Hii gari iko na upepo, haiko na chuma. Usiiguse mbele ya kuisikiliza kwanza. Enda kwa Mama Sifa, omba kimya. Hatakukatalia."

"Ndiyo, Mzee."

"Na usiingie chini yake mbele ya kuweka magogo ku shasi. Upepo hauagake muntu, unatoka tu."

"Ndiyo, Mzee."

Nilisema ndiyo mbili, mwanangu, na moja tu ilikuwa ya kweli. Magogo niliyaweka. Kwa Mama Sifa sikwenda.

Nikwambie kwa nini, hata kama naona aibu mpaka leo. Majuma mawili nyuma nilikuwa nimemcheka mama huyo mbele ya wateja wake. Nilisema mashine yake inakohoa kama mbuzi mzee, na mchele unaotoka humo hata kuku wanauonea huruma. Watu walicheka, nami nikafurahi kuchekewa. Mama Sifa alizigeuzia kisogo kelele zile. Alifuta mikono kwenye kitenge chake akaingia ndani. Tangu siku ile nilipita njia ya nyuma, kwenye choo cha gereji, ili nisikutane naye uso kwa uso. Sasa nitasimamaje mlangoni kwake kuomba kimya? Ningelazimika kuomba kwanza kitu kingine. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha wangu nikadhani hakuna anayeuona.

Basi nikafanya kazi kwa macho tu. Niliwasha injini, kompresa ikajaza upepo, nikachanganya sabuni na maji kwenye kopo, nikapaka balo ya mbele kushoto, ile iliyoinama, na mabomba yake yote. Penye tundu, povu hutoka. Halikutoka povu hata moja. Nikapaka tena, wapi! Mtu mwenye akili angejiuliza: kama haivuji, kwa nini inashuka? Mimi nilijiambia kwamba balo imechoka, basi, imezeeka, na balo mpya ya gari kama lile haipatikani Uvira wala Bukavu. Kona tatu zilizobaki sikuzitazama kabisa. Zilisimama vizuri, zingenihusu nini?

Jumanne nilikata kipande cha mti wa mkaratusi, kigumu, urefu wa mkono. Nilikivika vipande vya tairi la lori pande mbili, nikainua kona ile kwa kriki, yaani jeki, nikakisimamisha kando ya balo, katikati ya shasi, ile fremu ya chini ya gari, na mhimili. Nikashusha kriki. Kobe likasimama sawasawa, wima, kama mwanajeshi kwenye gwaride. Deo alipiga makofi. Wapita njia walisema, "Vitevite, weye ni bwana!" Nami nikaosha mikono.

Jumatano wanaume wanne walimbeba Mwalimu na godoro lake, wakamlaza kwenye kitanda cha Kobe. Mkewe, Mama Neema, alikaa sakafuni kando yake. Nami nilikuwemo, kwa sababu fundi hufuata gari la mgonjwa. Mwalimu alinishika mkono.

"Weye njo uliitengeneza?"

"Njo minye, Mwalimu."

"Mungu akuongeze, mutoto wangu. Nilikuwa naogopa."

Tulivuka mto Mulongwe, tukapita Kavimvira, na mpaka hapo njia ilikuwa laini. Baada ya Kiliba mashimo yalianza. Shimo la kwanza likapiga chini ya kitanda kama nyundo juu ya meza. Nilimwona Mwalimu akifumba macho. La pili, akashika ukingo wa kitanda. Deo alipunguza mwendo, lakini kupunguza hakusaidii kitu mahali ambapo mti umesimama katika nafasi ya upepo. Kila jiwe la barabara ile lilipanda kupitia mkaratusi wangu, likaingia moja kwa moja katika mgongo wa mtu yule. Jasho lilimtoka. Mama Neema aliweka mikono yake yote miwili chini ya kiuno chake, akawa yeye ndiye balo.

Tulipofika Sange alisema, "Simamisha. Deo, simamisha."

Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Akanitazama mimi, si dereva.

"Kijana, hii gari iko na nini?"

Hapo, mwanangu, nilikuwa na nafasi. Kriki ilikuwa ndani ya gari. Ningeweza kupiga magoti pale pale kando ya barabara, mbele ya wauza ndizi na wapita njia wote wa Sange, nikauchomoa ule mti, Kobe likainama kama lilivyotaka, tukaendelea polepole tumeinama hivyohivyo. Tungefika. Nakwambia tungefika siku ileile. Lakini ningeuchomoa mbele ya Deo aliyenipigia makofi, na kila mmoja angeuona.

"Ni barabara, Mwalimu," nikasema. "Barabara imeharibika sana."

Mwalimu aligeuza uso kuelekea dirishani. "Barabara hii minye naijua," akasema, "nimeipita miaka mingi na baiskeli." Akamwashiria Deo tuondoke. Tulipoondoka, shimo lililofuata lilimfanya apige ukelele ambao sitaki kuueleza, kisha akazimia. Mama Neema akalia, "Turudi! Deo, turudi, atanifia mu njia!" Tukageuza gari. Kurudi Uvira kulituchukua muda mrefu kuliko kwenda, na mimi njia nzima nilitazama nje ya dirisha, nikijifanya nahesabu mitende. Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakusema kwamba hata hiyo fupi ni ndefu ukiwa ndani yake.

Alhamisi alasiri Mzee Rashidi alirudi. Kobe lilikuwa uwanjani, wima. Habari alikuwa ameshaipata mpakani, Uvira haina siri. Hakunisalimia, wala hakunigombeza. Aliweka begi chini, akapanga magogo chini ya shasi moja moja, akatandika mkeka, akalala chali, akaingia chini. Alikaa humo kitambo. Kisha akaomba kriki, akainua, na mkono wake ukatoka na kile kipande cha mti.

"Hii ni nini?"

"Ni muti, Mzee."

"Ni muti." Alikigeuzageuza. "Mama Sifa alikukatalia kimya?"

"Sikumuomba."

"Juu ya nini?"

Nikamweleza sababu yote, ya mbuzi, ya kuku, ya njia ya choo. Nilitegemea ngumi, na nadhani ngumi ingekuwa nyepesi. Mzee alikaa juu ya mkeka wake, akakiweka kile kipande magotini kwangu.

"Muntu mwenye mugongo wa kuvunjika," akasema taratibu, kama anayezungumza na nafsi yake, "anakubali kubebwa mpaka Kiringye aombe samahani. Na weye, mwenye miguu mizima, ukuta mumoja tu ulikushinda."

Nililia, mwanangu. Sioni aibu kusema. Nililia kama mtoto, na Mzee aliniacha nilie, hakunipapasa. Nilipomaliza akasema, "Sasa enda. Na muti wako uende nao."

Nikazunguka ukuta, kipande mkononi. Mama Sifa alikuwa anapepeta pumba, na wateja wake watano sita wamejaa mlangoni, wengine ni walewale waliocheka siku ile. Nikasema kwa sauti ili mashine isinifunike, "Mama, nilikukosea. Nilikucheka mbele ya watu, na ninaomba samahani mbele ya watu. Tena tunaomba kimya."

Alinitazama toka juu mpaka chini. "Ile maneno ya mbuzi?"

"Ndiyo, Mama."

"Mashini yangu inakohoa kweli," akasema. "Lakini haiko weye wa kuisemea." Akanyoosha mkono, akazima. Kisha akamtuma mmoja wa wateja kwa mchomeleaji, naye akazima. Haikuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Hayo ndiyo niliyoyakimbia tangu Jumatatu.

Kimya kikaingia gerejini siku ya Alhamisi, kimya cha Ijumaa. Mzee alikuwa ameshajaza upepo na kuzima injini. Tulichuchumaa wote wawili. Mwanzoni nilisikia moyo wangu tu. Kisha nikasikia kitu kinanong'ona, sss, sss, kidogo sana. Hakikutoka mbele kushoto. Kilitoka nyuma kulia, kwenye kona iliyo mbali kuliko zote na ile niliyoipaka sabuni.

Nikaingia chini kwa tochi. Kile kifimbo cha chuma cha nyuma kulia kilikuwa kimepindwa, labda na jiwe la njiani. Kwa kupindwa kwake kilidhani kona yake imeshuka, kikawa kinafungua upepo uingie, uingie, bila kukoma. Kona ile ilikuwa imevimba, ngumu kama ngoma, imepanda juu. Na gari ni kama meza: ukiinua pembe moja ya nyuma, pembe ya mbele iliyo mkabala wake hukandamizwa. Balo ya mbele kushoto haikuwa na kosa lolote, ilielemewa tu na uzito uliosukumwa juu yake. Sabuni haikuonyesha kitu kwa sababu hakuna upepo uliotoka nje. Uliingia tu mahali pasipostahili, na jambo la namna hiyo halionwi, husikiwa.

"Kona yenye inainama," Mzee akasema, "mara mingi njo yenye kuonewa."

Nilikifungua kifimbo, nikakinyoosha juu ya kipande cha reli kwa nyundo ndogo, nikakirudisha. Upepo ulianza kutoka nyuma kulia, taratibu, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya habari njema. Na mbele kushoto, kona niliyoihukumu, kona niliyoitia mti, ikapanda yenyewe. Hakuna aliyeigusa.

Siku hiyo Mwalimu hakuweza kunyanyuliwa, mwili ulikuwa bado unamuuma. Tuliondoka Ijumaa alfajiri. Mzee Rashidi alikataa kuja. "Njia hiyo ni yako," akaniambia, "enda uimalize." Mashimo ya Sange yalikuwa palepale, hakuna aliyeyaziba kwa ajili yetu. Kobe liliyapita likipumua. Huko Luberizi tulisimama kungoja ng'ombe wavuke, na nilipogeuka kumtazama Mwalimu, nilikuta amelala usingizi, mdomo wazi, na Mama Neema ameweka kidole mdomoni kutuonya tusiseme. Furaha niliyoisikia pale ilikuwa na kisu ndani yake.

Kiringye tulipokewa na binti yake Yaya. Alituongoza ndani bila maneno mengi, wanaume wa pale wakamlaza Mwalimu kwenye mkeka kando ya kitanda cha dada yake, karibu kabisa. Yaya alikuwa hai. Macho yalikuwa wazi nusu, lakini kinywa kilikuwa kimenyamaza tangu jana yake. Mwalimu alimwambia yote. Alisema shamba, alisema mwaka, alisema ilikuwa tamaa na si shida, alisema "Yaya, nilikuficha, unisamehe." Muda ukapita. Kisha mkono wa yule mama ukatambaa juu ya shuka, ukafika kwenye shati la Mwalimu, vidole vikatafuta kifungo cha juu, kilichokuwa kimefunguka njiani. Vikajaribu kukifunga. Havikuweza. Vikabaki hapo hapo.

Nilitoka nje, nikamkuta yule binti anapepeta mpunga. Akanieleza, bila kunilaumu maana hakujua lolote. "Juzi, Jumatano, alikuwa anasema vizuri," akasema. "Aliomba tumuvalishe kitenge kipya, tumukalishe mu baraza. Kila gari ikipita anauliza, njo yeye? Alikaa mpaka jua likaingia. Alikuwa na maneno mingi ya kumuambia. Alikatala kutuachia. Alisema ni ya Kashindi."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, mwanangu, na maneno hayo bado yananisimamisha nikiwa natembea.

Yaya alikufa Jumapili asubuhi, mdogo wake kando yake. Baada ya mazishi nilikwenda kwa Mwalimu, nikapiga magoti, nikamwambia haikuwa barabara. Nikamweleza habari ya mti na ya Jumatano.

"Nilijua tangu Sange," akasema. "Darasa la tatu, ukidanganya ulikuwa unaangalia viatu vyako. Bado unaangalia viatu vyako." Akatabasamu kidogo, kisha akaacha. "Nimekusamehe. Lakini sikia. Ule mukono wake ku kifungo, sijui kama ilikuwa samahani ao ilikuwa mazoea tu ya zamani. Jumatano angeniambia. Hiyo minye nitaibeba. Na weye ubebe yako."

Nimeibeba. Hiki kipande cha mkaratusi ndicho ninachokalia sasa hivi ninapoandika. Kimekuwa laini kwa miaka ya kukaliwa. Parokia ilipochoka na Kobe nililiomba, wakanipa. Gereji ni yangu sasa, na kila Ijumaa adhuhuri, mimi niliye Mkristo, nazima kila kitu. Mashine ya Mama Sifa ipo kwa binti yake, bado inakohoa, na sijawahi tena kusema neno juu yake.

Basi mwanangu, haya ndiyo ninayokuachia. Ukiona kitu kimeinama, nyumbani, kazini, katika ndoa yako au kwa mtoto wako, usikimbilie kile kilichoinama ukaanza kukipaka sabuni. Zunguka upande wa pili, tazama ni nani aliyevimba. Usiweke mti mahali pa upepo ili watu wapige makofi, maana wanaopiga makofi hawatalala juu yake; atalala mgonjwa. Na ukiwa umemkosea jirani, nenda leo. Ukuta wa aibu ni matofali machache tu, nimeuzunguka, naujua, lakini ukichelewa siku mbili nyuma yake, kuna mtu mahali fulani amevaa kitenge kipya anakungoja barazani. Ukiulizwa gari lina nini, sema. Usisingizie barabara.

Mungu akupe sikio kabla ya nyundo. Akupe mzee wa kukuaibisha mapema, kungali mchana. Na siku utakapobeba samahani yako kuipeleka kwa mwenyewe, umkute angali anaongea.